Mbele ya kununua tronsonezi, angalia mawe ya mu parseli yako

Wiki hizi karibu kila barua ninayofungua inazungumza kuni. Makala ya kupikia inamaliza mfuko, na mwenye kashamba ka miti anaona afazali apasue kuni zake mwenyewe kuliko kuita vijana wa shoka kila mwezi, kwa hiyo swali linarudi lile lile: tronsonezi gani, ule msumeno wa moteri? Nimechagua barua nne. Ile ya kwanza ya Goma nitaikalia sana juu ndani yake kuko karibu kila kitu.

Jambo mukubwa fundi. Niko papa wa watoto saba, naishi Keshero, Goma. Tuko na kashamba ka kaliptusi nje ya mji, tulikapanda 2013, sasa miti imekomaa na tumeanza kukata kidogo kidogo. Fuso inatuletea magogo mu parseli, mita mbili mbili, unene kama sufuria ya fufu, kisha natafuta vijana wa shoka, wanakata siku tatu na pesa inaisha. Nataka ninunue tronsonezi yangu. Ku Birere nimeona mbili. Moja ya Kichina, wameandika 58cc, gide ndefu ya inchi 20, muuzaji anasema hiyo ndio ya wanaume. Ingine iko kadogo, 30cc hivi, gide sentimita 35, na bei yake inapita mara mbili ya ile kubwa! Kadogo kanauzwa ghali kuliko kakubwa juu ya nini? Na ndugu yangu anayefanya kazi ya mbao anasema nitafute ya zamani kama yake. Unishauri mbele sijapoteza pesa.

Papa wa Keshero, asante kwa barua, na asante mara mbili juu umetuambia unene wa magogo. Wengi wananiandikia "nipe tronsonezi ya nguvu" bila kusema itakata nini, ni kama kumuomba mshonaji patalo bila kumpa kipimo. Gogo la unene wa sufuria ya fufu liko na sentimita 20, 25, tuseme 30 kwa yale ya chini ku shina. Gide, kile chuma kirefu ambacho shene, ule mnyororo wa meno, inazungukia, ikiwa ya sentimita 35 inapita hapo bila shida, na siku gogo moja limezidi unakata upande mmoja, unalibiringisha, unamalizia upande wa pili. Kwa hiyo chukua kadogo. Sasa nieleze sababu.

Kukata kuni za nyumba ni kupinda mgongo, kuinua mashini, kuishusha, kusogea sentimita 40, kuinua tena, pengine mara mia mbili kwa asubuhi moja. Mashini ya 30cc iko na kilo 4 hivi bila esansi wala gide. Ile ya inchi 20 ukiijaza esansi na mafuta inakaribia kilo 7, na gide ndefu inakuvuta mbele, kule kwenye ncha, pale pale penye hatari. Saa ya kwanza unajisikia na nguvu kama muuzaji alivyokuahidi, saa ya tatu mikono inatetemeka, na mkono unaotetemeka ndio unaoacha ncha iguse mahali haipashwe kugusa. Ajali nilizoziona kwa macho yangu zilikuja kisha saa sita, mtu amechoka, anasema wacha nimalizie hili moja.

Juu ya ile 58cc, ni kusema ukubwa wa ndani ya silindri, nikufundishe kahesabu. Omba kakitabu ka mashini, tafuta upana wa silindri na urefu wa mwendo wa pistoni. Ukikuta milimita 45 na milimita 34, piga 4.5 mara 4.5 mara 3.4 mara 0.785. Jibu ni 54, haina 58. Namba iliyobandikwa ku plastiki mara nyingine ni jina tu la mashini, usiilipie kama kipimo. Kadogo nako kanakuwa ghali kama kanatoka kwa kampuni inayojulikana, juu silindri yake, karburateri, raba zinazomeza mtetemo, vyote vimetengenezwa vidumu na piesi zake unazipata hata kisha miaka mingi. Stihl MS 170 kwa mfano iko na 30.1cc, MS 180 iko na 31.8cc, na hizo ndizo watu wa kuni za nyumbani wanazitumia sehemu nyingi za dunia. Lakini fungua macho, kuko za kuiga nyingi, rangi ya chungwa na nyeupe si ushahidi. Angalia kama kuko namba ya mashini iliyogongwa ku mwili wenyewe, kama kakitabu na karatasi ya garanti vinalingana na ile namba, na kama bei ni ya kushangaza kwa uchini wake basi uko mbele ya ya kuiga.

Na kama pesa yako inafika ku ya Kichina tu, usione haya, kuko watu wamekata nazo miaka. Ila omba wakubadilishie gide ya inchi 16 ao umuombe muuzaji shene na gide fupi inayoingia ku mashini hiyo, kaza vise zote mbele ya kuiwasha na tena kisha tanki ya kwanza, na andika ku karatasi namba tatu za shene yako, nafasi ya meno, unene wa lile jino linaloingia ndani ya gide, na hesabu ya hayo meno. Zile za inchi 20 mara nyingi ni .325 ya inchi, milimita 1.5, meno 76. Ukienda kununua shene bila hizo namba tatu utarudi nyumbani na shene isiyoingia.

Ile ya ndugu yako uiache ku kazi yake. Kama ni Stihl 070, ile inapita 100cc, ilitengenezwa kwa kupasua mbao ku magogo makubwa, inakula esansi ambayo jiko lako haliwezi kulipa, na mashini nyingi za umri huo hazina freni ya shene.

Ukiwa bado dukani, mbele hujatoa pesa, waiwashe ikiwa baridi. Ikiwaka na ukaachilia gazi, shene inapashwa kusimama kabisa, kama inaendelea kutambaa mwambie airekebishe ao uondoke. Sukuma kile kikingio cha mbele ya mkono wa kushoto, freni ishike papo hapo. Angalia kama kitufe cha kuzima kinazima kweli, juu nimekutana na mashini za kuzimwa na shoki tu, kile kifungio cha hewa.

Kuko pia jambo la kimo cha mji wetu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na wewe Keshero uko juu ya ziwa. Hewa hapa ni nyepesi, moteri inavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko mtu aliye Matadi ao Mombasa, na nguvu inapungua hivyo hivyo. Karburateri iliyopimwa chini inaleta esansi nyingi kupita hewa, mashini inatoa moshi, buji inakuwa nyeusi, ukiminya gazi yote inalia kwa uzito kama mtu mwenye mafua. Watu wanadhani wameuziwa mbaya. Peleka kwa mekanisie anayejua, apunguze esansi ku vise ya H, ile ya kupima esansi ya gazi yote, kidogo kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko kwa mara moja, na asipitishe, kwani ikikosa esansi inakosa na mafuta yaliyo ndani yake, inapata moto, pistoni inashikamana na silindri na hapo umelipa mashini ya pili.

Sasa nifike ku jambo ambalo muuzaji wa Birere hatakuambia, na kwangu linapita yote niliyosema. Shene ya gide ya sentimita 35 haifiki mita moja ya urefu, na inakimbia mita 20 hivi kwa kila sekunde. Igusishe jiwe kwa nusu ya sekunde, kila jino limeshagonga jiwe mara kumi. Na sisi watu wa Goma tunaishi juu ya jiwe. Mji umekaa juu ya lava ya Nyiragongo, ya zamani sana, ya tarehe 17 Januari 2002, ya tarehe 22 Mei 2021, parseli nyingi hata udongo wa kuotesha lengalenga lazima ununue, chini ni mawe meusi makali na ule mchanga wa volkano unaoingia mpaka mu viatu. Huo mchanga unashika ku ganda la gogo, sana sana kama Fuso ilishusha magogo kwa kuyabwaga na vijana wakayakokota. Shene yangu ya kwanza niliimaliza mchana mmoja, kule Majengo. Nililaza magogo chini, nikakata, kila nikimaliza gogo ncha inagusa kidogo tu chini, kidogo tu, mpaka saa tisa mashini ikawa inasugua haikati tena. Nilienda kugombana dukani kwamba wameniuzia shene mbovu. Yule mzee aliye dukani alichukua shene, akapitisha kidole ku meno, akaniuliza: unakata kuni ao unakata lava?

Kwa hiyo, papa, mbele ya kuleta mashini nyumbani jenga mahali pa kulaza gogo. Misalaba miwili ya mbao, X mbili, ziunganishe kwa mbao ya katikati, kimo cha juu kidogo ya goti, kata miguu yake vizuri isicheze juu ya mawe. Gogo linalala juu, kipande kinaanguka chenyewe, shene haioni ardhi hata siku moja. Magogo yakifika yashushe juu ya miti miwili iliyolazwa, yasikae chini. Na mahali utakapokata, toa ganda kwa panga, ya kaliptusi ikiwa mbichi inatoka kirahisi, ao sugua na fagio ngumu. Inachukua dakika kumi na inakuokolea shene. Kama kuko pesa iliyobaki, nunua shene ya pili, tupa ya mviringo ya milimita 4 kwa shene ya mashini ndogo, na tupa bapa moja.

Mafuta nayo yanachanganya watu. Esansi ya tronsonezi inachanganywa na mafuta ya 2T, na mashini nyingi zinataka 50 kwa 1, ni kusema mililita 20 kwa litri moja, mililita 100 kwa bidoni ya litri 5. Kama mafuta hujui yanatoka wapi ao kakitabu kanasema 25 kwa 1, weka mililita 200 kwa litri 5. Yale mafuta ya motari haifai, pikipiki zetu za mji karibu zote ni 4T, hazichanganyi mafuta na esansi, na yale ya wavuvi wa ku ziwa yaliyoandikwa TC-W3 ni 2T kweli lakini ni ya moteri zinazopozwa na maji, yako inapozwa na hewa, inapata moto zaidi. Changanya kidogo kidogo, mchanganyo uliopita mwezi mmoja usiutie tena.

Ya shene ni mafuta mengine, tanki yake iko pembeni. Watu wanatia mafuta ya vidanje juu ni ya bure. Yamejaa unga wa chuma uliotoka ku moteri ya gari, unasugua gide na pompi ya mafuta, na yanarushwa ku ngozi yako na ku mapafu yako mchana mzima, yana sumu ya kuleta kansa. Wengine wananiuliza mawese. Mawese ya Goma asubuhi yanaganda, unayaona wewe mwenyewe mu bidoni, yataganda vilevile mu ile tundu ndogo ya kupitisha mafuta. Kama mafuta ya shene hayapatikani tia mafuta mapya ya moteri, SAE 30 ao 40, yanaruka mengi lakini hayataua kitu.

Jambo la mwisho kwako, papa. Pasua kaliptusi ikingali mbichi, ikikauka inajikunja na inakuwa ngumu kwa shoka, halafu panga vipande chini ya bati upepo upite. Na kule shambani shina likatwe chini, sentimita 10 ao 15 juu ya udongo, kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke, ganda lisichanike. Litachipuka. Chagua machipukizi mawili ao matatu yenye nguvu, mengine uyatoe, na kashamba kale kale katakupa kuni tena bila kupanda. Miradi kama EcoMakala ya WWF, iliyoanza 2007 kandokando ya Virunga, iliwasukuma watu kupanda hivyo hivyo ili mji usile Parki, na wewe uko kati ya waliosikia. Kuangusha mti wenyewe ni kazi ingine kabisa na kukata gogo lililolala, umuite mwenye uzoefu.

Jambo fundi. Niko mama wa Panzi, Bukavu. Mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka kumi na tano, ndiye anatukatia kuni na mashini ya baba mkubwa wake. Siku ya posho iliyopita ile mashini ilimrukia uso, ikapita karibu na sikio, Mungu alisaidia. Baba mkubwa anasema ni kukosa nguvu tu, atazoea. Mimi nimekosa usingizi. Ni kweli ni nguvu?

Mama yangu, haina. Hata mwanaume wa kilo tisini hawezi kuishika ikiruka vile, juu inaruka mbele ubongo haujaambia mkono kitu. Ile ncha ya gide, nusu yake ya juu, shene inapozunguka pale ikigusa mti, tawi, hata kipande kidogo kilichojificha nyuma ya gogo, meno yanakwama, nguvu yote ya moteri inageuka na kurusha gide juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya aliyeshika. Ndivyo ilivyotokea kwa mtoto wako. Nafurahi sana uko unaandika na si kulia.

Naomba asiirudie tena. Miaka kumi na tano ni mapema, na usimuache mtu amwambie atazoea. Mwambie baba mkubwa kwa heshima, hata umsomee haya niliyoandika: kwanza ajaribu freni mbele ya kila kazi, juu mashini iliyoruka bila freni kushika iko na shida na isitumiwe mpaka fundi aione. Pili, yeye mwenyewe akate akisimama kidogo upande wa kushoto wa gide, isiwe mbele ya pua yake, mkono wa kushoto umezungushia kidole gumba chini ya kishikio, wa kulia nyuma, mikono yote miwili kila wakati, asikate kitu kilichopita kimo cha bega, na akate na sehemu ya gide iliyo karibu na mwili wa mashini, ncha abaki anaiona.

Juu ya nguo, jinzi haisaidii. Kuko patalo za kazi hii zenye nyuzi ndefu ndani, shene ikigusa nyuzi zinavutwa zinajaa ku gurudumu na mashini inasimama, ndizo kinga ya kweli ya paja. Ku Bukavu si rahisi kuzipata, lakini mtu anayesafiri anaweza kukuletea kifaa cha kufunga mbele ya miguu tu, ni chepesi. Bote ngumu, kaske yenye wavu wa uso, na kitu cha masikio: mashini inapita desibeli 100 na sikio linaanza kuharibika kwa 85 ukikaa humo saa nyingi, na sikio likikufa halitibiwi. Kwa milima yenu ya Panzi naongeza kitu kimoja, anayekata asimame upande wa juu wa gogo, gogo linabiringika kwenda chini.

Kijana mpe msumeno wa upinde, ule wa fremu ya chuma na meno makubwa, wa sentimita 75. Kwa kuni za unene wa mkono mpaka wa paja anakata vizuri, hauna esansi wala kelele, na kazi anaisaidia kweli. Sisemi hivi kumtuliza, kwangu nyumbani kuni za wiki tunazikata na huo.

Mi niko ku Lubumbashi, komini ya Katuba. Niko na tronsonezi ya 45cc, tunakataka miti ya mu pori, ile ya nguvu ya kukauka. Mbele ilikuwa inakata muzuri, sasa inatosha paka bunga, moshi inatoka ku shene, na inaenda ya kupinda kama ndizi. Nilibadirisha buji, nikaweka esansi ya muzuri, paka vile. Njo moteri imekufa?

Ndugu yangu wa Katuba, moteri yako ni nzima, usiifungue. Umenieleza vizuri hata bila kuiona. Bunga, ule unga wa mti, ni meno yaliyokufa, shene yenye ukali inatoa vipande vya mti, vya kushika ku vidole. Kupinda kama ndizi ni meno ya upande mmoja kuwa mafupi ao yenye ukali pungufu kuliko ya upande wa pili. Moshi ni kusukuma mashini kwa nguvu, ao mafuta ya shene hayafiki. Shika ncha juu ya ubao mweupe, minya gazi, kama hakutokei mstari wa mafuta ku ubao safisha ile tundu ya gide na ule mfereji wake.

Kunoa ni hivi. Kwa 45cc kama Stihl MS 250 yenye shene ya .325 tupa ni ya milimita 4.8. Zima mashini, kaza freni, tafuta jino lililo fupi kuliko yote, hilo ndilo bwana, mengine yote utayashusha mpaka urefu wake. Tupa inaenda mbele tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, digrii 30, ukirudi unainua. Hesabu, kama mara tatu ku hili basi mara tatu ku yote ya upande huo, kisha unageuka upande wa pili na kufanya sawa sawa. Ile namna ya jino la kushoto na jino la kulia kupokezana ina hadithi yake. Mwaka 1946 Joseph Cox, mkataji miti wa Oregon kule Marekani, aliangalia funza wa mdudu anayetoboa miti akitafuna mti, kushoto kulia, kushoto kulia, anaenda ndani bila kuchoka, akachora shene ya kufuata yale mataya. Mpaka leo tunakata na wazo la yule funza, na ndiyo maana upande mmoja ukilegea shene inapotea njia.

Kisha angalia ile nundu ndogo mbele ya kila jino. Ikiwa imebaki juu, hata unoe namna gani jino halifiki ku mti, shene inateleza tu. Inapashwa kuwa chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi, ishushe na tupa bapa, pole pole, juu ukipitisha mashini itaanza kuruka na kuvuta. Na gide igeuze juu chini kila ukinoa ili isiliwe upande mmoja. Kama umeyafanya yote na bado inapinda, kingo za gide zimekwisha, nunua gide. Miti yenu ya miombo ikikauka ni kama chuma, ikatwe vipande ikingali mbichi, inakausha haraka ikishapasuliwa.

Fundi, niko Ndosho, Goma. Jirani anasema ninunue ya kuranti, haina esansi, haina kelele. Nakata kidogo tu, kuni za kupikia maharagwe. Ni sawa?

Ni sawa kabisa, na watu wengi wangepashwa kuianza hiyo, juu moteri ya kuranti haijui kama iko mita 1,500 ao ufukoni, hauna karburateri ya kurekebisha. Ila iko na masharti. Ya wati 2,000 inavuta ampere 9 hivi kwa volti 220, kwa hiyo ule waya mwembamba wa taa utapata moto, nunua waya wa milimita 2.5, usipite mita 25, na uufungue wote, usiuache umezungushwa. Uwe unapata kuranti kwa Virunga Energies, kwa SNEL ao kwa mwingine, kama jioni taa zako zinapungua mwanga usikate saa hiyo, moteri inanguruma bila kuzunguka vizuri na inaungua, kata asubuhi. Kajenereta ka kilowati 2 hakatoshi kuiwasha. Mvua ikianza, zima. Mafuta ya shene unatia kama kawaida, na tupa unahitaji kama wenzako. Na huo waya usiukokote chini mu parseli, lava inachubua plastiki siku mbili tatu na shaba inabaki wazi, upitishe juu ya ukuta ao uutundike ku miti nyuma yako, upande ambao shene haifiki.